Kokoto za Kunduchi au za Lugoba? Hesabu kwa Anayejenga Kerege

Anayejenga Kerege amekaa katikati ya miamba miwili isiyofanana hata kidogo. Ukielekea Dar es Salaam, kuanzia Boko na Wazo hadi Kunduchi, kuna mawe meupe ya chokaa. Ukipanda bara kwa barabara ya Msata hadi Lugoba, kuna mawe ya kijivu, magumu na mazito. Yote mawili hufika kwa lori kwenye viwanja vya Kerege, Mapinga na Zinga, na yote yakishapondwa huitwa kokoto. Fundi mmoja atakwambia chukua nyeupe, ni rahisi. Mwingine atakula kiapo kwamba bila za Lugoba nyumba itapasuka.

Wote wawili wana nusu ya jibu. Bei ya tripu haitoshi kukuonyesha gharama ya jiwe, kwa sababu kokoto huingia kwenye zege pamoja na saruji, mchanga na maji, na jiwe likiwa dhaifu saruji ndiyo hulipia udhaifu wake. Makala haya yanalinganisha mawe unayoweza kuyapata Kerege, yalivyotokea, yanavyogharimu, na kazi ambayo kila moja linaiweza.

Mawe haya yametoka wapi

Wataalamu huigawa miamba katika makundi matatu. Miamba ya moto hutokana na uji wa mawe uliopoa. Ukipoa haraka juu ya ardhi hutoa mawe meusi ya volkeno kama ya Kilimanjaro na Arusha; ukipoa polepole chini sana ya ardhi hutoa graniti yenye chembe kubwa, kama majabali ya Mwanza. Miamba ya mashapo hujengeka kwa vitu vinavyotuama, kama mchanga, tope na mabaki ya viumbe wa bahari. Miamba geu ni ile iliyokuwa ya aina moja, ikafukiwa, ikabanwa na kupashwa moto mpaka ikabadilika bila kuyeyuka yote.

Jiwe la Kunduchi ni la kundi la pili. Bahari haikuwa siku zote pale ilipo leo. Takriban miaka 125,000 iliyopita kina chake kilikuwa juu kuliko sasa, na matumbawe yalikua mahali ambapo leo watu wamejenga nyumba. Maji yaliporudi nyuma, miamba hiyo ya matumbawe ilibaki nchi kavu, na sehemu kubwa ya mawe ya chokaa ya ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki imetokana na vipindi kama hivyo. Livunje jiwe moja uliangalie kwa karibu: utaona vitundu kama vya mkate wa kumimina, vipande vya kombe, na mara nyingine michirizi yenye umbo la nyota ambayo ni alama ya tumbawe lenyewe. Likamulie ndimu, nalo litachemka kwa mapovu madogo. Asidi ya ndimu inaivunja kalisi kabonati, na hewa ya ukaa inatoka.

Jiwe la Lugoba ni la kundi la tatu. Liko ndani ya mkanda mkubwa wa miamba ya kale unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na Kenya na kupanda kaskazini. Miamba hiyo ilibanwa na kupashwa moto chini sana ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita, mabara ya zamani yalipogongana. Huko ndiko lilikozaliwa jiwe linaloitwa naisi, lenye mistari myeupe na myeusi iliyopishana. Myeupe ni kwatzi na feldispa, madini ambayo msumari wa kawaida hauyakwaruzi. Ndimu haifanyi kitu hapo.

Tofauti hiyo ya asili ndiyo tofauti ya kazi. Jiwe la chokaa lina vitundu, kwa hiyo ni jepesi, hunywa maji, na nguvu yake hubadilika kutoka jiwe moja hadi jingine hata ndani ya shimo moja. Naisi imeshikamana, hainywi maji mengi, na kila kipande hufanana na mwenzake.

Pima ujazo, usinunue jina la gari

Kabla ya kulinganisha bei, hakikisha unalinganisha kiasi kilekile. Mazungumzo ya saiti huwa hivi:

“Kaka, hapa kuna tani ngapi?”

“Tani kumi hizo, bosi. Angalia gari lilivyojaa.”

Tani kumi za nini? Kokoto ngumu zilizomwagwa tu, bila kushindiliwa, huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kokoto za chokaa ni nyepesi kuliko hapo. Ukinunua kwa tani, chokaa itakupa ujazo mkubwa zaidi. Ukinunua kwa ujazo, naisi itakupa uzito mkubwa zaidi. Zege huchanganywa kwa ujazo, hivyo pima kwa ujazo.

Chukua futi kamba, upime bodi kwa ndani: urefu, upana, na kina cha mzigo uliosawazishwa. Bodi yenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2.2 na mzigo wenye kina cha mita 0.8 ina mita za ujazo 7. Gawa bei ya tripu kwa 7, utapata bei ya mita moja ya ujazo. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea muuzaji wa pili. Mwambie dereva mapema kwamba utapima, tena kabla hajainua bodi. Mzigo uliokwisha kumwagwa haupimiki kwa urahisi, na ugomvi wake haumaliziki.

Hesabu ya zege

Tuchukue mita za ujazo 10 za zege, kiasi kinachotosha jamvi la mita 10 kwa 10 lenye unene wa sentimita 10. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, kila mfuko wa saruji wa kilo 50 huchukua karibu ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Zege lote litataka mifuko 63 ya saruji, mita za ujazo 4.5 za mchanga, na karibu mita za ujazo 9 za kokoto.

Sasa weka bei. Namba zifuatazo ni za mfano tu, ziondoe uweke za siku utakayonunua. Tuseme saruji ni shilingi 16,000 kwa mfuko, kokoto za chokaa ni shilingi 45,000 kwa mita ya ujazo zikiwa zimefika saiti, na kokoto ngumu ni shilingi 60,000. Tuseme pia kwamba kwa kuwa kokoto za chokaa ni dhaifu na zinakunywa maji, fundi wako anaongeza mfuko mmoja wa saruji kwa kila mita ya ujazo ya zege ili kufikia nguvu ileile.

Kwa kokoto za chokaa: kokoto shilingi 405,000, saruji mifuko 73 shilingi 1,168,000. Jumla 1,573,000.

Kwa kokoto ngumu: kokoto shilingi 540,000, saruji mifuko 63 shilingi 1,008,000. Jumla 1,548,000.

Kokoto zilizokuwa ghali kwa shilingi 15,000 kila mita zimeishia kuwa nafuu kwa shilingi 25,000. Lakini zikipanda hadi shilingi 70,000 kwa mita, jumla yake inakuwa 1,638,000, na chokaa inashinda kwa shilingi 65,000.

Hapo inapatikana kanuni rahisi ya kubeba kichwani. Kwa zege linalobeba mzigo, linganisha tofauti ya bei ya mita moja ya kokoto na bei ya mfuko mmoja wa saruji. Tofauti ikiwa ndogo kuliko mfuko, nunua kokoto ngumu bila kusita. Ikizidi mfuko, kaa chini na fundi mpige hesabu upya. Na pale ambapo hutaongeza saruji kwa sababu zege halibebi kitu, kanuni hii haina kazi: jiwe la bei ndogo ndilo sahihi.

Barabara nayo ina bei yake

Kutoka Lugoba hadi Kerege kwa njia ya Msata na Bagamoyo ni karibu kilomita 100. Kutoka Kunduchi haifiki hata nusu ya hapo. Tofauti kubwa ya bei za kokoto hizi mbili iko kwenye dizeli kuliko kwenye jiwe lenyewe.

Ndiyo maana ukubwa wa gari una maana. Tuseme tipa kubwa linatumia lita 45 kwa kilomita 100 na kubeba mita za ujazo 15. Kwenda na kurudi ni lita 90, sawa na lita 6 kwa kila mita ya mzigo. Tipa dogo linalotumia lita 25 na kubeba mita 5 litakula lita 50, sawa na lita 10 kwa kila mita. Kwa hiyo mwenye kuhitaji mita 7 tu za kokoto za Lugoba ni bora amtafute jirani anayejenga, wachangie tipa kubwa. Kwa kokoto za Kunduchi hasara ya gari dogo si kubwa kiasi hicho, kwa sababu safari ni fupi.

Tahadhari moja: tipa kubwa linataka njia. Viwanja vingi vya Kerege viko ndani, mbali na lami, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za ndani huwa tope. Gari likishindwa kufika, mzigo unamwagwa barabarani na unalipa kirikuu kuuvusha kidogo kidogo, pamoja na vijana wa kupakia na kushusha. Nunua mawe ya msingi na kokoto kiangazi, hata kama saruji utainunua baadaye. Kokoto hazichachi, saruji ikikaa muda mrefu kwenye stoo yenye unyevu huganda.

Kila jiwe na kazi yake

*Kujaza chini ya jamvi.* Mawe ya chokaa yanatosha kabisa. Hapa unahitaji kitu kinachoshindilika na kisichovimba. Kulipia naisi kwa ajili ya kuifukia ni kutupa pesa.

*Mawe ya msingi.* Kwenye ardhi kavu, mawe makubwa ya chokaa yaliyochaguliwa vizuri, yasiyo laini wala mashimo makubwa, hufanya kazi. Kwenye viwanja vya karibu na mikoko na maji ya chumvi, kama upande wa Mlingotini, mambo hubadilika. Jiwe lenye vitundu huvuta maji juu, maji huleta chumvi, na baada ya miaka michache lipu ya chini ya ukuta huanza kutoa unga mweupe na kumong’onyoka. Huko weka jiwe gumu, na nailoni ya kuzuia unyevu usiiruke.

*Nguzo, lenta na sakafu ya ghorofa.* Kokoto ngumu, zilizopondwa kwa mashine, za ukubwa unaolingana. Penye nondo pana hatari ya kutu, na zege lenye kunywa maji huiharakisha kutu. Mawe yaliyookotwa ufukweni yasikaribie nondo kabisa, kwa sababu yamejaa chumvi. Mawe ya machimbo ya juu, yaliyonyeshewa kwa maelfu ya miaka, yana nafuu, lakini bado yana vitundu.

*Ukuta.* Mababu walijenga kwa matumbawe na chokaa. Msikiti na makaburi ya Kaole, ambayo ya zamani zaidi ni ya karne ya 13, ni matumbawe, na majengo ya zamani ya Bagamoyo ni vivyo hivyo. Lakini kuta hizo ni nene, mara nyingi karibu nusu mita, na zilitaka mafundi wengi na chokaa nyingi. Kwa nyumba ya leo tofali la saruji ni nafuu. Pwani ya Kenya, hasa Kilifi, mawe ya matumbawe hukatwa kwa msumeno yakawa matofali kamili, na huko ndiyo chaguo la kawaida. Nairobi nako hutegemea mawe ya volkeno ya Ndarugo. Kila mji hujengwa kwa jiwe la jirani, na ndiyo maana hakuna sababu ya kuleta Kerege jiwe jeusi la Moshi kwa kilomita zaidi ya 400, isipokuwa kwa urembo.

Ukinunua nyumba ya zamani ya matumbawe mjini Bagamoyo, usiipige lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji huufungia maji ndani, na jiwe huanza kuoza nyuma ya lipu nzuri. Rudisha chokaa.

Tofali na mchanga

Tofali nalo ni jiwe la mashapo ulilolitengeneza mwenyewe, na ubora wake uko kwenye swali moja: mfuko mmoja wa saruji umetoa tofali ngapi? Tofali zima la inchi 6, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lina ujazo wa karibu lita 16. Mfuko wa saruji una lita 35. Ukitoa tofali 30 kwa mfuko, saruji imeenea kwenye lita 480. Ukitoa tofali 50, imeenea kwenye lita 800, na unachonunua ni mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Tofali la bei ya chini sana lisikuvutie kabla hujauliza hesabu hii. Liinue hadi usawa wa kiuno, uliangushe kwenye ardhi ngumu. Tofali zuri linaweza kumeguka pembe; bovu linasambaratika.

Mchanga wa Mto Mpiji uko karibu na hutumika sana. Upime kwa chupa ya plastiki: jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Utando ukizidi sehemu 8 kwa 100 ya kimo cha mchanga, uoshe au urudishe. Mchanga wa bahari usiutumie, hata wa bure.

Vumbi la kokoto kutoka kwenye mashine za kuponda mawe linaweza kuchukua sehemu ya mchanga kwenye tofali. Uliza bei yake. Wakati mwingine ni nafuu, na chembe zake zenye pembe hushikana vizuri.

Jikoni na sakafuni

Jiwe la urembo huuzwa kwa macho, na hapo wengi hulipia lisilowafaa. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililogeuzwa kwa joto na mkandamizo, na Morogoro linapatikana. Lina ung’aavu wa kupendeza, lakini asili yake ya chokaa haijaondoka. Meza ya jikoni ya marumaru katika nyumba ya pwani, ambako ndimu, ukwaju na siki havikauki, itapata madoa yaliyofifia ndani ya miezi. Liweke sebuleni au ngazini. Jikoni weka graniti, isiyojali asidi.

Vigae vya dukani vinavyoitwa marumaru vingi ni udongo uliochomwa, si jiwe. Havina ubaya, ila usilipie bei ya jiwe. Terazo ndiyo inayosahaulika: ni vipande vya mawe vilivyoshikwa na saruji kisha vikasuguliwa. Hutaka fundi mzuri na muda, lakini hudumu miaka mingi na ikichakaa husuguliwa upya.

Kabla ya kulipa

Fika na vitu vitatu: msumari, ndimu na ndoo ya maji. Msumari ukichora jiwe kwa urahisi, si naisi, hata kama muuzaji ameapa kwamba limetoka Lugoba. Ndimu ikichemsha, ni chokaa. Kisha tia kokoto kavu ndoo nusu, zipime uzito, zilaze majini usiku kucha, zifute na kuzipima tena. Zilizoongezeka uzito sana zitakunywa maji ya zege lako.

Angalia pia umbo. Kokoto bapa kama magae huacha nafasi nyingi katikati na kula saruji. Zile zinazopondwa kwa nyundo, kama za Kunduchi Mtongani ambako akina mama wengi wamejipatia riziki kwa kazi hiyo, hazilingani ukubwa, hivyo zinafaa zaidi kwenye zege lisilo na nondo. Kwa kazi hizo zinunue bila wasiwasi.

Mwisho, uliza risiti. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, mawe, kokoto na mchanga ni madini ya ujenzi, na mchimbaji anatakiwa awe na leseni. Mzigo usio na karatasi unaweza kukamatwa njiani wakati pesa yako imeshatangulia. Matumbawe hai ya baharini sheria inayakataza kuchimbwa, na mwenye kukuletea tumbawe lenye harufu ya bahari umrudishe.

Uamuzi

Kwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu Kerege, isiyo ya ghorofa, tumia mawe mawili. Mawe ya chokaa yaende kwenye msingi wa ardhi kavu na kujaza chini ya jamvi, na kokoto zake ziende kwenye zege jembamba la chini ya msingi na kwenye njia za uani. Kokoto za Lugoba zinunuliwe mara moja, kwa tipa kubwa, kiangazi, kwa ajili ya nguzo, lenta na jamvi, mradi tofauti ya bei ya mita moja isizidi mfuko mmoja wa saruji. Ikizidi, nguzo na lenta zibaki na jiwe gumu hata hivyo, jamvi lishuke kwenye chokaa pamoja na ule mfuko wa ziada. Ukipanga ghorofa, hata ya baadaye, usishushe kitu: kila penye nondo weka Lugoba, kwa sababu nguzo iliyomwagwa vibaya hairekebishiki kwa bei ya kokoto.